Je, Wajua Remasta Inayosikika Zaidi Imepoteza Nini?

Muulize kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi, pale Mangina au kwenye vibanda vya Butembo, mashariki mwa Kongo, akupe albamu ya zamani ya hevi metali. Atakuambia uchukue ile iliyoandikwa remasta, ndiyo nzuri. Ukimwuliza kwa nini, atazipiga zote mbili moja baada ya nyingine, na kweli remasta itasikika zaidi. Ushahidi huo siukubali. Kusikika zaidi na kuwa na sauti nzuri ni mambo mawili, na albamu nyingi za metali zilizotolewa upya tangu katikati ya miaka ya 1990 zimeumizwa na watu waliojua tofauti hiyo vizuri, lakini wakachagua kelele kwa sababu ndiyo inayouza.

Wapenzi wa metali kwetu si wengi, lakini wapo. Afrika Mashariki hata ina metali yake: Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ni kishindo kilichopangwa kwa akili nyingi. Muziki wa namna hii unastahili kusikilizwa kwa makini kama rumba ya Franco inavyosikilizwa.

Tuanze kwa kutenganisha kazi mbili. Miksi ni kupanga kila ala kiasi chake: gita hapa, ngoma pale, mwimbaji mbele. Mastaring huja baadaye, na remasta ni mastaring iliyofanywa upya. Mhandisi wake hupokea muziki uliokwisha kuungana, kushoto na kulia, na akigusa kitu amegusa vyote. Mpiga besi aliyefichwa kwenye miksi hawezi kumtoa. Ndiyo maana ...And Justice for All ya Metallica, ya mwaka 1988, ambamo besi ya Jason Newsted karibu haisikiki, iliporemastiwa mwaka 2018 besi ilibaki kule kule ilikozikwa. Kuna pia albamu zilizobadilishwa hasa. Mwaka 2002 Blizzard of Ozz na Diary of a Madman za Ozzy Osbourne zilitolewa upya zikiwa zimeondolewa besi ya Bob Daisley na ngoma za Lee Kerslake, na katika nafasi zao wakarekodiwa Robert Trujillo na Mike Bordin. Wapigaji wa awali walirudishwa katika toleo la 2011. Rust in Peace ya Megadeth, ya mwaka 1990, ilifanyiwa miksi mpya mwaka 2004, na baadhi ya sehemu alizoimba Dave Mustaine zikarekodiwa upya. Kwa maoni yangu kazi za aina hiyo zilistahili jina jingine kabisa.

Chombo kinacholeta ule ukubwa wa sauti kinaitwa kompresa, na ndugu yake mkali zaidi ni limita. Muziki ulio kwenye CD una dari. Sauti ikifika kiwango cha mwisho, ambacho mafundi hukiita sifuri, haipandi tena hata ukilazimisha. Chini ya dari hiyo, biti 16 za CD zinatoa ngazi 65,536, nafasi ya desibeli 96 hivi kutoka ukimya hadi juu kabisa. Katika wimbo wa metali, anayegusa dari kwanza si gita. Gita lenye distoshani limekwisha kubanwa na ampli yake, linakwenda sawasawa. Anayegusa dari ni mpiga ngoma: pigo la snea au la kiki (ngoma ya mguu), la sehemu ndogo sana ya sekunde, linalochomoza juu ya vingine vyote. Pigo hilo moja ndilo linalomzuia mhandisi asiinue albamu nzima.

Basi limita hulivizia pigo hilo. Katika mashine za kidijitali sauti hucheleweshwa milisekunde chache ili kompyuta ione kinachokuja kabla hakijafika. Pigo likikaribia, limita hushusha sauti yote kwa kitambo kidogo, pigo linapita likiwa limeinamishwa kichwa, kisha sauti inaachiwa irudi. Hufanya hivyo mara nyingi kila dakika. Vilele vikishakatwa, panapatikana nafasi juu, na muziki wote unasukumwa kujaza nafasi hiyo. Ni kama kuvikata vilele vya vilima vya Butembo na kuujaza udongo mabondeni mpaka mji wote uwe uwanja: kila mahali pamekuwa juu, na hakuna tena kilima.

Sikio halilalamiki mara moja, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs, Marekani, walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayopungua zaidi masikioni. Kwa hiyo ukiinua sauti kidogo tu, besi inajaa na muziki unakuwa mnene bila ala yoyote kuguswa. Tofauti ya desibeli moja au mbili mtu haitambui kuwa ni ukubwa wa sauti. Huiona kuwa ni ubora. Yule kijana wa flashi hasemi uongo. Anasikia kitu kweli, ila anakipa jina lisilo lake.

Nyimbo chache baadaye uchovu unaingia. Snea haigongi tena, inabofya. Matoazi yanageuka mvuke. Kiitikio kinachotakiwa kulipuka kinafika kikiwa na ukubwa ule ule wa ubeti uliotangulia, na mkono unaanza kutafuta kitufe cha kupunguza.

Dunia ilielewa jambo hili vizuri Septemba 2008, Metallica walipotoa Death Magnetic. Ilikuwa albamu mpya, wala si remasta, lakini nyimbo zake zilitoka pia ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zikiwa hazijabanwa kiasi kile. Wapenzi wa kawaida walikuwa na nakala mbili za wimbo mmoja, za wakati mmoja, na waliweza kuziweka picha za mawimbi yake pamoja. Wimbi la mchezo lilikuwa na vilele na mabonde. La CD lilikuwa karibu mstatili mtupu. Maelfu wakatia saini ombi la kutaka albamu ifanyiwe kazi upya, na Ted Jensen, mhandisi wa mastaring, akasema miksi zilimfikia zikiwa zimekwisha kubanwa.

Anayetaka kulinganisha kwa haki hahitaji vifaa vya bei. Kompyuta yenye Audacity, programu ya bure, inatosha, pamoja na vifaa vya masikioni visivyokwaruza. Faili ziwe za daraja moja. MP3 iliyonyonywa kwenye video haishindani na nakala iliyotolewa kwenye CD. Fungua zote mbili, tazama mawimbi, kisha ishushe remasta mpaka wastani wa sauti yake ulingane na wa ile ya kwanza. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na bila hiyo mashindano yamekwisha kuamuliwa kabla hayajaanza. Baada ya hapo mwenzako akuchezee moja moja bila kukuambia ni ipi. Sikiliza snea. Sikiliza toazi linavyokufa baada ya kupigwa. Sikiliza zaidi mahali muziki unapotoka kimya na kuingia kishindo. Wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotolewa mwaka 1970, unaanza kwa mvua na kengele, kisha gita la Tony Iommi linaangukia hapo kwa uzito wote. Mvua ile lazima iwe ndogo. Anayeiinua ili isikike vizuri amelinyang'anya gita nguvu yake, ingawa gita lenyewe hakuligusa.

Nisieleweke kwamba nakala ya kwanza hushinda siku zote. CD nyingi za miaka ya 1980 zilitengenezwa kutoka kanda zilizoandaliwa kwa ajili ya santuri, ambamo besi ilipunguzwa ili sindano isiruke kwenye mfereji, na zinasikika nyembamba. Remasta iliyorudi kwenye kanda mama, ile ya kwanza ya studio, na kuziacha ngoma zipumue ni neema. Kufika kwenye kanda hiyo nako si rahisi. Gundi ya kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunywa unyevu wa hewa ikawa yenye kunata, kanda ikakwama kwenye mashine na kuacha unga wake huko. Mafundi huzioka kwa joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa nyingi, kisha huzinakili haraka kabla unyevu haujarudi. Na penye kelele, kubana kunafaa: kwenye nganda, yaani baa, yenye jenereta mlangoni, au juu ya pikipiki, muziki wenye vilele na mabonde unamezwa nusu.

Sisi wa upande huu tuna sababu ya karibu zaidi ya kulijali jambo hili. Ukitoka Mangina kwa barabara ya Makeke na Biakato hadi Mambasa, kisha ukaelekea Epulu, unaingia katika msitu ambamo mwanaanthropolojia Colin Turnbull alirekodi nyimbo za Wambuti, wenyeji wa msitu huo, katika miaka ya 1950. Kampuni ya Folkways ya New York ilizitoa kwenye santuri mwaka 1957 na 1958, na Smithsonian, iliyoichukua Folkways mwaka 1987, ikazitoa kwenye CD mwaka 1992. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey naye alipita kaskazini mashariki mwa Kongo na mashine yake, akawarekodi Wanande pia. Kanda zake zimetunzwa katika maktaba ya muziki ya ILAM, Makhanda, Afrika Kusini. Kwa masikio yangu nyimbo za Wambuti na metali zinakutana mahali pamoja: uzito wake unatokana na umbali kati ya kimya na kishindo. Sauti moja inaanza, nyingine inaijibu kutoka mbali, nyingine zinaingia katikati. Ukizibana, wa mbali anavutwa hadi alipo wa karibu, na msitu unakuwa chumba. Ukizisafisha kwa programu ya kuondoa mvumo wa kanda bila uangalifu, wadudu wa usiku wanaondoka nao.

Hizo zina mahali salama. Kaseti zetu je, za kwaya za parokia, za vikundi vya vijana, za vipindi vya redio za mitaa? Ziko kwenye makatoni juu ya kabati, katika unyevu wetu huu, kuvu ikitambaa kwenye utepe. Anayezihamishia kwenye simu huzibana mpaka mwisho ili zisikike kwenye spika ndogo, kisha kaseti yenyewe hutupwa. Hicho kitendo cha pili kinaniuma. Hata matajiri hupoteza: tarehe 1 Juni 2008 moto wa Universal Studios, Hollywood, uliteketeza kanda mama nyingi za muziki wa Marekani. Lakini kwetu hatuhitaji moto. Nakala ya WAV yenye ubora wa CD huchukua megabaiti 10 hivi kwa dakika, kwa hiyo kaseti ya dakika 45 haijazi hata nusu gigabaiti. Flashi moja ya kawaida inabeba kaseti nyingi za kwaya moja. Bana nakala ya kuchezea nganda, lakini ile ya kwanza iachwe kama ilivyotoka.

Kosa si la chombo. Kompresa yenyewe inafanya kazi njema nyingi: redio, mikutano ya simu, vifaa vya wasiosikia vizuri, sinema, mahubiri ya maikrofoni, adhana, matangazo ya mpira, podikasti, mwimbaji anayesogea na kurudi nyuma. Siku hizi hata faida ya kupiga kelele inapungua, kwa kuwa Spotify hupima wastani wa kila wimbo na kuzishusha nyimbo kubwa kuelekea kiwango kimoja, hivyo Death Magnetic inashushwa hadi iketi karibu na Black Sabbath ya 1970, huku ngoma zake zikibaki zimekatwa vichwa. Faili za kwenye flashi na kadi ya simu, ambazo ndizo tunazotumia Mangina, kwa kawaida hazishushwi na mtu. Huko kitufe cha sauti kiko mkononi mwako, na remasta ndiyo ya kuanza kupunguzwa.