Rangi Mpya Isikudanganye: Shauri kwa Watakao Kuuza Mitambo Iliyokwisha Kutumika

Mtu asafiriye kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga hufika Kombani, mahali ambapo barabara ya Kwale huachana na ile ya pwani. Mara kwa mara hupita hapo malori marefu yaliyopakia tingatinga na trekta. Vijana wetu huyatazama wakasema, "Biashara ndiyo hii: kununua kuukuu, kutengeneza, kuuza." Sikatai. Lakini biashara hii hutaka matayarisho kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Miaka michache iliyopita mjomba wangu aliuza ng'ombe zake akanunua trekta iliyong'aa kwa rangi nyekundu. Nia yake ilikuwa kuilimia msimu mmoja, kisha aiuze kwa faida. Akanijia ofisini na karatasi ya mapatano.

"Mjomba," nikamwuliza, "kitabu cha usajili ki wapi?"

"Mpwa wangu, muuzaji ameahidi kukileta wiki ijayo."

Wiki ile haikufika. Kumbe trekta ilikuwa rehani ya mkopo, na wenye deni wakaja kuichukua shambani. Mjomba akabaki bila trekta na bila ng'ombe.

Basi jambo la kwanza ni hati. Mtakaji hana budi kuhakikisha katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama kwamba jina la muuzaji ndilo jina la mwenye chombo, na kwamba nambari iliyopigwa chapa kwenye chuma ni sawa na ile iliyoandikwa. Tena, tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya mwaka 2017, Kenya ina daftari la serikali ambamo wakopeshaji huandikisha mali waliyowekewa rehani. Daftari hilo hutafutwa kabla ya kulipa. Laiti mjomba angalijua!

Jambo la pili ni mtambo wenyewe. Nenda na fundi wako, wala si fundi wa muuzaji. Fika asubuhi, uguse injini: ikiwa ina moto, huenda imewashwa mapema ili isionekane inavyosumbua ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Gari huhesabiwa maili au kilomita, lakini mtambo huhesabiwa saa za kazi. Nayo saa huweza kuchezewa. Kwa hiyo tazama pia pedali na kiti. Ikiwa saa yasema machache na pedali zimelika, ziamini pedali. Katika tingatinga, kagua sana minyororo na magurudumu yake, maana gharama kubwa ya matengenezo huwa hapo. Na huku kwetu upepo wa bahari hula chuma. Rangi mpya huweza kufunika kutu.

Jambo la tatu ni kazi na vipuri. Wazee wa Ramisi wanakumbuka kiwanda cha sukari kilivyofungwa mwaka 1988. Mwaka 2024 nao uchimbaji wa madini ya titani hapa Kwale ulifikia mwisho. Kazi huja ikaondoka, na mtambo usio na kazi hula fedha za mwenyewe. Uliza kwanza: nani atanunua, kwa kazi gani? Vipuri hupatikana Mombasa, au lazima viagizwe ng'ambo? Gharama ya kuubeba kwa lori ni kiasi gani? Yote hayo yaandikwe daftarini kabla ya kutaja bei.

Mjomba sasa anaanza tena, kwa mashine ndogo ya kupukuchua mahindi. Safari hii alikuja ofisini kabla ya kununua. Wahenga wetu wa pwani walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.