Kabla ya verni: mambo ya kuangalia kwa fundi wa mbao



Juma hili tunaongea juu ya kazi ambayo karibu kila mmoja wetu analipia, lakini wachache wanaijua kwa ndani: kazi ya fundi wa mbao. Mlango, kitanda, meza ya sokoni, mabenchi ya masomo, paa la nyumba, vyote vinapita mikononi mwake. Na mara nyingi pesa ya kazi hiyo inatoka katika likelemba, franka juu ya franka, miezi mingi. Mlango ukikataa kufunga baada ya mvua mbili, au kitanda kikianza kulia kabla mtoto hajajifunza kutambaa, hasara si ya mbao peke yake. Zamu yako ya likelemba imekwenda, na zamu nyingine iko mbali.

Tumekusanya hapa mambo ambayo fundi mwenyewe anayaangalia kazini kila siku. Hatutaki mama aende kumchunga fundi kama mwizi. Fundi mzuri anafurahi kupata mteja anayeelewa, kwa sababu mteja huyo hatashangaa akiambiwa kwamba mbao kavu ina bei yake. Neno kubwa ni hili: kazi nzuri inaonekana kabla ya verni. Verni ikishapakwa, ufa, pengo na mbao mbichi vyote vinang'aa sawasawa. Kwa hiyo nenda mapema, wakati kitu bado kiko uchi.

Mbao ikauke kwanza

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Wenzetu wanaofinyanga vyungu wanalijua hilo vizuri. Lakini mbao ni kinyume cha udongo. Mbao inangojewa.

Hapa Kongolo tunaona reli kila siku. Chuma kinarefuka kwa joto. Mbao inapanuka kwa maji na kusinyaa ikikauka. Na haisinyai kwa urefu, inasinyaa kwa upana. Ubao mbichi wenye upana wa sentimita 20 unaweza kupoteza sentimita 1 nzima, hata zaidi, mpaka ukauke. Sasa hesabu mlango wenye mbao nne au tano: mapengo yanayotokea yanatosha kupitisha mbu, panya na macho ya jirani. Kisha mvua inarudi, mbao inakunywa hewa ya mto, inavimba, na mlango unakwama.

Jinsi ya kujua kama mbao imekauka:

Chukua mbao mbili za mti mmoja na za kipimo kimoja. Iliyo nzito zaidi ndiyo yenye maji.

Gonga kwa kifundo cha kidole. Mbao kavu inalia wazi. Mbichi inajibu kama mtu mwenye mafua.

Kama kuna mzani wa sokoni karibu, fundi apime ubao uleule kila juma. Siku uzito unapoacha kushuka, ubao umekauka kadiri hewa yetu inavyoruhusu.

Angalia pia jinsi mbao zinavyolala kwenye karakana. Zikiwa zimelazwa chini kwenye udongo, au zimesimamishwa ukutani kwenye jua kali, zitapinda na kupasuka. Mbao inakauka vizuri kivulini, imeinuliwa kutoka chini, na kati ya ubao na ubao kuna vijiti vya kupitisha hewa. Mafundi wa zamani wanahesabu karibu mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa mbao ngumu inayokaushwa na hewa tu. Mti laini unakwenda haraka zaidi. Basi mama anayetaka kitanda kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka asingoje mvua zianze. Mbao inunuliwe mwanzoni mwa kiangazi, ipangwe vizuri, iachwe ifanye kazi yake ya kungoja.

Ulimi na tundu

Pindua kiti juu chini kabla hakijapakwa rangi. Tazama mahali mguu unapokutana na kikalio. Kama kuna misumari tu, kiti hicho kitacheza mapema, maana msumari unashika vizuri ukivutwa kwa upande, lakini unatoka ukivutwa kwa urefu wake. Kazi ya kudumu ni ile ya ulimi na tundu: mwisho wa ubao mmoja unachongwa kama ulimi, unaingia ndani ya tundu la mwenzake, na kole ya mbao inapakwa katikati. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo. Ukihitaji nyundo ya nguvu utapasua mti, na ukiingia wenyewe umelegea.

Kwa kitanda, uliza hasa juu ya kona nne. Hapo ndipo uzito wa watu unakaa kila usiku.

Na pale misumari inapohitajika, kuna sheria zake. Msumari uwe na urefu wa karibu mara tatu ya unene wa ubao unaofungwa, na upigwe kutoka ubao mwembamba kwenda kwenye ule mnene. Mti ukiwa unapenda kupasuka, fundi anagonga kwanza ncha ya msumari iwe butu kidogo. Ncha kali inatenganisha nyuzi za mti kama shoka, ncha butu inazikata na kupita. Afadhali zaidi ni kutoboa tundu dogo kwanza. Kwa skrubu, sabuni kidogo au nta ya mshumaa inafanya iingie bila kulia.

Kamba moja inatosha

Huhitaji vyombo vya bei kubwa kwa kuhakikisha kazi. Beba kamba isiyovutika.

Kwa mlango, dirisha, meza au fremu ya kitanda: pima kutoka kona mpaka kona ya kinyume, kisha kona nyingine mpaka mwenzake. Vipimo viwili vikilingana, na pande zinazotazamana zikilingana pia, kona ziko sawa. Visipolingana, kitu kimelala upande. Ni rahisi kukirudisha leo, kabla kole haijakauka.

Kwa msingi wa nyumba au banda la kuku: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili. Kamba ya kuunganisha ncha hizo mbili iwe mita 5 kamili. Ikiwa zaidi au pungufu, kona si mraba. Kwa kazi ndogo tumia sentimita 60, 80 na 100. Ni hesabu ileile.

Kwa usawa, mafundi wanatumia kile wanachokiita nivo, chenye tone la hewa ndani ya maji. Mama anaweza kuijaribu: iweke juu ya meza, tazama tone limesimama wapi, kisha igeuze mwisho kwa mwisho mahali palepale. Tone likihama, chombo chenyewe kinadanganya. Pasipokuwa na nivo, mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, uliojazwa maji bila mapovu, unafanya kazi hiyo hata kwa nyumba ndefu. Maji ya ncha mbili yatasimama kwenye kimo kimoja, hayana upendeleo.

Vyombo vya fundi vinaongea

Mkipeleka kijana au binti kujifunza kazi hii, tazameni kwanza vyombo vya yule atakayemfundisha. Msumeno mzuri una meno yaliyopindishwa kidogo, moja kushoto, jingine kulia, ili njia iwe pana kuliko bamba na msumeno usibanwe. Patasi na randa, ile ambayo wengi wanaiita rabo, ziwe kali. Watu wengi wanaogopa chombo kikali, lakini chombo butu ndicho kinachojeruhi: unakisukuma kwa nguvu zote, kinateleza, na mkono wa pili uko mbele. Kwa hiyo somo la kwanza la mwanafunzi ni kunoa, na la pili ni kutoweka kamwe mkono mbele ya patasi.

Nyundo iliyolegea kichwa haipigiwi kazi hata mara moja. Wengi wanaitumbukiza ndani ya maji usiku kucha ili mpini uvimbe. Inashika kwa siku mbili, kisha mpini unakauka, unasinyaa zaidi kuliko mwanzo, na kichwa kinaruka. Dawa yake ni kabari mpya ya mti mgumu juu ya mpini.

Binti naye anaweza kazi hii. Kupima, kuchora, kunoa na kuunganisha vinadai jicho na subira kuliko misuli.

Siku ya paa

Siku ya kuweka manjanja ndiyo siku ya hatari. Ngazi iegemezwe hivi: kwa kila mita 4 za kimo, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Ikiwa karibu zaidi inaanguka nyuma, ikiwa mbali inateleza. Mtu ashike chini. Upepo ukianza, manjanja yashuke, maana jani moja mikononi mwa mtu aliye juu ni kama tanga la mtumbwi.

Mama anayesimama chini aangalie mambo matatu. Misumari ya paa ipigwe juu ya mgongo wa wimbi la manjanja, si ndani ya bonde ambamo maji yanapita. Majani yapandane kwa wimbi moja na nusu mpaka mawili upande wa ubavu, na sentimita 15 mpaka 20 mwisho kwa mwisho. Na miti ya paa ifungwe kwa ukuta kwa waya au bamba la chuma. Upepo wa mvua hausukumi paa chini, unalivuta juu.

Nguzo za veranda zisizikwe moja kwa moja ndani ya udongo kama inawezekana. Ziketi juu ya jiwe au saruji, ili mchwa wasipate njia ya siri. Wengine wanapaka mafuta machafu ya injini. Hayo yasiguse kitanda, meza ya chakula, wala mti wowote ulio karibu na kisima.

Watoto, vumbi na msumari wenye kutu

Karakana inavutia watoto kwa sababu ya vipande vya mbao. Wapewe vipande nje, na misumari yote ing'olewe au ikunjwe kabla ubao haujaachwa chini.

Mtoto akichomwa na msumari, osha kidonda kwa maji mengi safi na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya na karatasi yake ya chanjo, hata kama tundu ni dogo. Pepopunda inapenda tundu dogo lenye kina. Majivu, mafuta na kinyesi cha mnyama visipakwe kamwe. Mama mwenye mimba naye ahakikishe amepata chanjo ya pepopunda, kwa ajili yake na ya mtoto atakayezaliwa.

Vumbi la mbao si uchafu tu. Idara ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza kansa iliandika vumbi hilo mwaka 1995 kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Kazi ya kusugua ifanyike nje, upepo ukitoka mgongoni, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Mtoto asibebwe mgongoni mahali hapo. Na vipande vilivyopakwa rangi visipikiwe, moshi wake ni sumu. Verni na petroli ya kuichanganya vikae mbali na makaa.

Pesa na karatasi

Usilipe yote mara moja, wala usimwache fundi bila kitu. Gawa mara tatu: sehemu ya kwanza kwa kununua mbao, ya pili siku unapoona kitu kimeunganishwa bila verni, ya tatu siku ya kukichukua. Andikeni karatasi mbili: aina ya mti, vipimo, bei, tarehe, na nani analipa msumari na kole. Fundi abaki na moja, wewe na nyingine. Asiyejua kusoma aende na mwenzake wa kikundi.

Vikundi vinaweza kununua pamoja sanduku dogo: nyundo, msumeno, mita, bisibisi, koleo na tupa ya kunolea. Liwe na daftari la kuandika nani amechukua nini. Benchi lililolegea likikazwa mapema, halinunuliwi jipya.

Kata sehemu hii, ibandike ukutani

1. Mbao: gonga, pima uzito, uliza imekatwa lini.
2. Maungio: pindua, tafuta ulimi na tundu.
3. Kona: kamba mara mbili, vipimo vilingane.
4. Paa: msumari juu ya wimbi, miti ifungwe ukutani.
5. Pesa: mara tatu, kwa karatasi.
6. Verni: mwisho wa yote, baada ya macho yako.

Kwenye mkutano ujao, kila mama aje na kamba. Tutapima meza na milango ya mahali petu pa kukutania, kona moja baada ya nyingine, mpaka kila mmoja aweze kufanya peke yake.