Vidole Kabla ya Eksirei

Aliyeteguka kifundo cha mguu na aliyevunjika hufika hospitalini wakifanana. Wote wanachechemea, wote wamevimba, na maumivu ya mmoja hayapungui ya mwenzake. Kwa miaka mingi karibu kila mmoja wao alipelekwa eksirei, ingawa kati ya picha 100 za namna hiyo, zisizofika 15 ndizo zilizoonyesha mfupa uliovunjika.

Mwaka 1992, daktari Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni inayotegemea vidole na hatua chache. Mpimaji hubonyeza ukingo wa nyuma wa nundu mbili za kifundo, ya ndani na ya nje, kuanzia nchani hadi sentimita 6 kwenda juu. Upande wa nyuma umechaguliwa kwa sababu: kano inayoumia zaidi mguu unapoteguka imejishikiza mbele ya nundu ya nje, hivyo ukibonyeza mbele, hata asiyevunjika ataruka kwa maumivu. Kisha mgonjwa huombwa apige hatua 4, na kuchechemea kunakubalika. Mfupa ukiuma ulipobonyezwa, au kama hakuweza kutembea alipoumia na bado hawezi, apigwe picha.

Uchambuzi wa tafiti 27 uliotoka mwaka 2003 ulibaini kuwa kati ya wale ambao kanuni hiyo haikuona haja ya kuwapiga picha, waliovunjika hawakufika 2 kwa kila 100.

Hata hivyo, mlevi, mtoto mdogo au mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni hawezi kupimwa kwa kigezo cha maumivu pekee. Vilevile mkono usiishie kifundoni. Mwaka 1840 daktari Mfaransa, Maisonneuve, alieleza jinsi mguu unavyoweza kupindika kifundoni, nguvu hiyo ikapanda na kuvunja fibula, mfupa mwembamba wa nje wa mguu, karibu na goti. Picha ya kifundo pekee haitauonyesha ufa huo. Na kwa kuwa uzito mwingi wa mwili hubebwa na tibia, yaani mfupa wa muundi, fibula inaweza kuvunjika na mtu akaendelea kutembea.

Tibia yenyewe iko chini tu ya ngozi. Kidole kikipita juu yake taratibu huhisi pengo au kona isiyo ya kawaida. Ndiyo maana pia ikivunjika hutoboa ngozi kwa urahisi, kama inavyoonekana mara nyingi kwenye ajali za bodaboda.

Mguu ukishafungwa gango, uchunguzi unaendelea: mapigo ya damu juu ya unyayo, joto la vidole, hisia. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, na kunyoosha vidole vya mguu kukimfanya mgonjwa apige kelele, huenda shinikizo linapanda ndani ya misuli. Mapigo yanaweza kuwa bado yapo. Mgonjwa huyo anahitaji daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, kwa kuwa misuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache.