Mpango Uanziao Mtaani: Habari za Bariadi



Wengi wetu twaijua Simiyu kwa jina tu. Ni mkoa mchanga, uliotangazwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikikatwa katika Mkoa wa Shinyanga na kipande katika Mwanza. Mji wake mkuu ni Bariadi. Huko hakuna bahari wala mkarafuu; wenyeji, ambao wengi wao ni Wasukuma, hulima pamba na mahindi, na hufuga ng'ombe. Walakini liko jambo moja la huko lifaalo kusimuliwa katika jarida hili, nalo ni namna wakaazi na madiwani wakutanavyo kupanga matengenezo ya mahali pao.

Kwa sheria za mwaka 1982, zilizorudisha serikali za mitaa baada ya kuvunjwa mwaka 1972, shauri la kijiji huanzia katika Mkutano Mkuu, na kila mkaazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Mjini hukutana watu wa mtaa. Wakiisha kukubaliana, shauri lao hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha hupanda mpaka Baraza la Madiwani.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 Tanzania Bara imekuwa na utaratibu wa kupanga uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Watu hawaulizwi kwanza wanataka nini. Huambiwa wachore ramani ya mahali pao, na mara nyingi huchorwa chini mchangani, jiwe likiwa skuli, majani yakiwa kisima, na mstari wa majivu ukiwa njia. Mtu asiyejua kusoma aweza kusimama akasema, "Hapana, kisima hiki si hapa, ni ng'ambo ya korongo." Mara nyingi ramani ya wanawake huwa haifanani na ya wanaume, kwa kuwa anayekwenda kuteka maji ndiye aijuaye njia ya maji.

Baada ya ramani huja kalenda ya misimu, nayo ndiyo iliyonipendeza zaidi. Pamba ya Usukuma hupandwa mvua za Novemba na Desemba, hupaliliwa mwanzo wa mwaka, na soko lake hufunguliwa yapata mwezi wa Mei. Kiongozi awaitaye watu kuchimba msingi wa zahanati wakati wa palizi atachimba peke yake. Nasi twalijua hilo! Itisha mkutano karafuu zikiwa zimepea, uone kama atakuja mtu zaidi ya wazee wawili na mwenye kuuitisha.

Sasa nije kwenye taabu yenyewe. Desturi ya huko, kama mahali pengi pa Bara, ni kwamba wakaazi huanza kwa nguvu zao: huchanga fedha, husomba mchanga, mawe na maji, na husimamisha kuta za darasa au zahanati. Halmashauri na Serikali Kuu hutazamiwa kuezeka na kumaliza. Jengo lisiloezekwa huitwa boma. Fedha zikichelewa, boma hunyeshewa masika baada ya masika, na majani huota ndani. Fikiri habari ya mtu aliyeuza debe la mahindi ili atoe mchango wake, naye kila siku apita mbele ya boma lile akienda shambani. Mara ya pili akiombwa mchango, atatoa?

Si kwamba diwani ni mwongo. Mfuko wa halmashauri hutegemea, pamoja na mengine, ushuru wa mazao, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na hulipwa na mnunuzi. Bei ya pamba ikianguka, mfuko nao huanguka, na kata zote zangojea mfuko huo huo. Kosa, kwa maoni yangu, ni kuahidi mambo kumi ambapo fedha ni za mawili. Orodha ndefu huwafurahisha watu siku ya mkutano, kisha huwavunja moyo. Ndiyo maana utaratibu ule ulipofanyiwa marekebisho, kwa msaada wa Japani, mkazo ulitiwa zaidi katika lile ambalo watu waweza kulianza na kulisimamia wenyewe.

Yako na mambo yaliyo makubwa kuliko mtaa. Maji ya Ziwa Victoria hayafiki Bariadi kwa michango ya vikapu. Mradi wa kuyapeleka huko ulikubaliwa mwaka 2017 kwa msaada wa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi.

Tofauti moja na kwetu isisahauliwe. Sheha wetu huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, bali mwenyekiti wa mtaa au kijiji huko huchaguliwa kwa kura kila baada ya miaka 5, na mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024. Tena sheria humtaka kila baada ya miezi mitatu kijiji kikutane, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Hapo ndipo mwenye boma lisiloezekwa husimama, akauliza bati zilinunuliwa ngapi, na ziko wapi.