Kwa Nini Miili Mingine Huvibana Virusi vya Ukimwi Bila Dawa

Malori yanayotoka bandari ya Kilindini kwenda Nairobi na Kampala hupita karibu na mtaa wa Chaani, Mombasa, usiku na mchana, na virusi vya Ukimwi vilisafiri kwa barabara hiyo hiyo. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington walianza kuwafuatilia wafanyakazi wa kampuni za malori mjini Mombasa, pamoja na wanawake wa biashara ya ngono waliohudhuria kliniki ya Ganjoni. Walipimwa mara kwa mara wakiwa bado hawana virusi, kwa hivyo aliyeambukizwa alijulikana mapema.

Miezi michache baada ya maambukizi, wingi wa virusi hutulia kwenye kiwango fulani. Kwa mmoja huwa mamia tu katika mililita ya damu, kwa mwenzake malaki. Kati ya wanawake wale wa Mombasa, waliotulia kwenye kiwango cha juu ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kufa. Wapo pia wachache mno, chini ya mtu 1 kati ya 100, ambao virusi vyao havionekani kwenye kipimo hata bila dawa.

Sababu moja kubwa ni jeni za HLA. Karibu kila seli huanika nje vipande vya protini zilizomo ndani yake, mfano wa karatasi za kontena getini: askari hafungui mzigo, husoma karatasi. Askari hapa ni seli za CD8, ambazo huua seli iliyoambukizwa. HLA ndiyo huamua kipande gani kianikwe. Aina ya B*57 huanika kipande cha ganda la ndani la kirusi, na kirusi kikikibadilisha ili kisitambulike, hudhoofika chenyewe na kuzaana polepole. Kwa Waafrika hutajwa sana B*57:03 na B*58:01. Kwa Wazungu ni B*57:01, nayo ina gharama yake: baadhi ya walio nayo hupata mzio mkali wakimeza abakaviri, mojawapo ya dawa za Ukimwi.

Kwa miaka mingi habari iliyovuma ni ya kasoro ya jeni ya CCR5, iliyomsaidia Timothy Ray Brown, aliyekuwa na virusi hivyo, kupona baada ya kupandikizwa uboho wenye kasoro hiyo. Ni kasoro ya Ulaya. Afrika haipatikani ila kwa nadra. Kwa tofauti ya jeni inayopatikana Afrika, ilibidi tungoje hadi 2023, jarida la Nature lilipochapisha uchunguzi wa watu karibu 4,000 wenye virusi na asili ya Afrika. Wenye tofauti fulani karibu na jeni ya CHD1L, kati ya asilimia 4 na 13 kutegemea jamii, walikuwa na virusi vichache zaidi. Maabarani, jeni hiyo ilipozimwa katika seli za kinga ziitwazo makrofaji, virusi viliongezeka.

Siku hizi nchini Kenya anayepatikana na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja seli zake za kinga za CD4 zishuke. Ni uamuzi sahihi, hata kwa anayevibana mwenyewe, kwani mwili wake huendelea kuungua ndani kwa ndani. Lakini dawa huficha uwezo wa jeni, ndiyo sababu watafiti hurudi kwenye damu iliyogandishwa miaka ya 1990, kabla ARV hazijafika kliniki zetu.