Kutuliza si kutibu: jasho lina mipaka yake

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Katika fikra za Waswahili, jasho ni alama ya kazi; ndiyo maana mtu anayedhulumiwa ujira wake hulalamika kwamba amenyonywa jasho lake. Yamkini basi msomaji atastaajabu kusikia kwamba wako watu wanaoketi kitako katika chumba chenye joto kali, bila jembe wala shoka mkononi, makusudi watokwe na jasho. Hata hivyo, desturi hiyo si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa, na shahidi ni lugha yenyewe.

Tuchukue kitenzi fukiza. Kuna kufukiza udi au ubani ili nyumba inukie. Kisha kuna kujifukiza, yaani mtu kujifunika blanketi juu ya nyungu ya maji yaliyochemshwa kwa majani, aghalabu ya mwarobaini au mkaratusi, hadi jasho limtiririke. Huko Unguja nako, mtaa wa Hamamni ulipata jina lake kutokana na hamamu, neno lenye asili ya Kiarabu, iliyojengwa katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888.

Wanaosifika zaidi kwa desturi hii ni Wafini, ambao lugha yao ndiyo iliyoupa ulimwengu neno sauna. Nchi hiyo ina watu wapatao milioni 5.5 na sauna zaidi ya milioni tatu. Joto la chumba hufika nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi, na mwili hulistahimili kwa muda mfupi kwa sababu hewa ni kavu, hivyo jasho hukauka upesi. Zamani wanawake wa Kifini walijifungulia humo, kwa kuwa palikuwa mahali safi na penye joto. Mnamo 2020 shirika la UNESCO liliiingiza sauna ya Kifini katika orodha ya turathi zisizoshikika za wanadamu.

Je, ina faida? Hapana shaka hutuliza misuli na akili. Mwaka 2015 wataalamu wa Kifini walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 2,315 wa makamo kwa takriban miaka 20. Waliokwenda sauna mara nne hadi saba kwa juma walifikwa na vifo vya ghafla vya moyo kwa uchache kuliko waliokwenda mara moja. Lakini mwanafunzi makini atauliza: je, sauna ndiyo iliyowapa afya, au ni afya yao iliyowawezesha kwenda sauna mara kwa mara? Uchunguzi wa namna hiyo peke yake hauwezi kutegua kitendawili hicho.

Penye hatari ni pale tunaposikia kwamba jasho hutoa sumu na kufukuza maradhi. Jasho ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa, na kazi yake kuu ni kuupoza mwili. Kazi ya kuondoa taka za damu ni ya ini na mafigo.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipotufikia, Rais John Magufuli wa nchi jirani ya Tanzania aliuhimiza umma ujifukize, na usemi wa kupiga nyungu ukavuma. Mvuke unaweza kumpa mwenye mafua nafuu ya muda; hauviui virusi vilivyokwisha kuingia mwilini.

Ubaya wa kuchanganya mambo haya huwaangukia watoto kwanza. Mtoto mwenye homa ya malaria tayari ana joto la kupindukia. Akifunikwa blanketi juu ya maji ya moto, huongezewa joto juu ya joto, hupoteza maji mwilini, na sufuria ikipinduka huungua. Lililo baya zaidi ni kwamba saa zinapita. Malaria hutambuliwa kwa kupimwa damu na hutibiwa kwa dawa. Mtoto aliyecheleweshwa siku moja nyumbani anaweza kufika hospitalini akiwa hajitambui.

Simkatazi mtu mzima mwenye siha kujifukiza au kuingia sauna apumzike. Na anywe maji, asiingie akiwa amelewa, na atoke mara ahisipo kizunguzungu. Mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito na wamwone daktari kwanza.

Nawasihi walimu wenzangu tuvifunze vitenzi vitatu kwa uangalifu: kutuliza, kutibu na kuponya. Kinachotuliza hupunguza maumivu. Kinachotibu hushughulikia kiini cha ugonjwa. Kinachoponya humrejeshea mtu uzima wake. Nyungu na sauna zimo katika kundi la kwanza. Mwanafunzi akiipambanua mipaka hiyo darasani, huenda siku moja akawa ndiye atakayesema nyumbani, kwa adabu: "Mama, mtoto huyu tumpeleke hospitali sasa hivi."