Maumivu ya Mgongo: Lini Tukande, Lini Tupeleke Hospitalini

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, si mbali na Kipalapala ya leo, nje kidogo ya mji wa Tabora. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliipita wakiwa na pembe za ndovu na vitambaa, kila mmoja akibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo hiyo iliwatoka mabegani, lakini kazi za mgongo hazikwisha. Mkulima wa tumbaku huinama kitaluni na kubeba kuni hadi kwenye bani la kukaushia. Mama huinua ndoo ya maji huku mtoto yu mgongoni. Mseminari na mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji hukaa au kusimama saa nyingi pasipo kubadili mkao. Wote wakifika zahanati husema jambo moja: kiuno kinauma.

Kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hakuna ugonjwa mahususi unaobainika. Misuli na kano zinazoshikilia pingili zimechoka au zimevutika, mara nyingi baada ya kuinua kitu huku mtu amejipinda, au baada ya kurudi ghafla kwenye kazi ambayo mwili umeisahau, kama ilivyo mvua za kwanza zinapoanza na jembe kushikwa tena. Wengi wa hawa hupata nafuu kubwa ndani ya wiki sita. Wachache huumwa na kisahani cha gegedu kilichochomoza na kuugusa mzizi wa neva. Maumivu yao hushuka mguuni hadi chini ya goti, pengine pamoja na ganzi. Hata hao wengi hupona bila kupasuliwa.

Hapa sina budi kuwasihi wenzangu waiache kauli moja: "Pingili zako zimesagika." Vipimo vya picha za ndani vilivyofanywa kwa watu wasio na maumivu yoyote vimeonyesha visahani vilivyochakaa kwa takriban 80 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 50. Kuchakaa huko ni kama mvi. Mgonjwa anayeambiwa amesagika huogopa kuinama, huacha kazi, hulala kitandani, na misuli yake huzidi kudhoofu. Baada ya miezi mitatu anaumwa zaidi ya alivyokuja.

Hata hivyo, yupo mgonjwa mmoja katika wengi ambaye mgongo wake haupaswi kukandwa kabla ya kuchunguzwa. Kifua kikuu huweza kula pingili polepole, pasipo kikohozi. Bila matibabu, pingili hubonyea, kibyongo hutokea, na miguu hupooza. Bruselosi, inayoletwa na maziwa yasiyochemshwa au kugusa mifugo iliyoambukizwa, nayo huumiza kiuno pamoja na homa ya kuja na kuondoka. Saratani ya tezi dume na ya matiti husambaa hadi kwenye pingili. Kwa hiyo, kabla mkono haujagusa mgongo, yaulizwe haya: Je, kuna homa, jasho la usiku au kupungua uzito? Je, maumivu humwamsha usiku na hayatulii hata akilala? Je, aliwahi kuwa na saratani au kifua kikuu, au anaishi na virusi vya UKIMWI? Je, ameanguka? Jibu la ndiyo kwa lolote lamaanisha uchunguzi kwanza. Ganzi katika sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, au miguu kuishiwa nguvu ni dharura: apelekwe siku hiyo hiyo hospitali ya rufaa, kwa Tabora ni Kitete.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, kukanda kuna faida. Mgandamizo wa mkono hupeleka kwenye uti wa mgongo hisia zinazopunguza nguvu ya ishara za maumivu; misuli iliyokakamaa hulegea, na hofu hupungua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeutaja ukandaji miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, sambamba na elimu na mazoezi. Tusiuzidishie sifa: nafuu yake ni ya muda mfupi, na haurudishi kisahani mahali pake. Thamani yake ni kumfungulia mgonjwa dirisha la kutembea.

Mgonjwa alale kifudifudi, mto chini ya tumbo, au ubavu magoti yakiwa yamekunjwa. Mjamzito alale ubavu. Mafuta ni ya kulainisha tu, yawe ya alizeti, ya karanga au ya nazi. Anza kwa kupapasa kwa kiganja kizima, kisha tumia vidole gumba kando ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa wenyewe. Mgonjwa akianza kuzuia pumzi, umebonyeza kupita kiasi. Dakika 15 hadi 20 zatosha, mara mbili au tatu kwa wiki. Kisha ainuke atembee, kila siku mbali kidogo kuliko jana.

Kumkanyaga mgonjwa mgongoni ni hatari, hasa kwa wazee ambao mifupa yao ni myepesi. Chale hazina faida na wembe wake huambukiza. Mguu mmoja uliovimba na kuuma usichuliwe, kwani huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa. Na ikiwa wiki sita zimepita pasipo nafuu yoyote, mkandaji aache, na maswali yale yaulizwe upya.